Ukitaka kulileta Uingereza jambia la babu kutoka Amu (Lamu), tazama mpini kwanza

Ndugu zangu wa Amu, Shela na Faza mlioko Uingereza, kabla hamjauliza bei ya kusafirisha, lishikeni jambia mkaulize: mpini huu ni wa nini? Mbao? Pembe ya ng'ombe? Au ni pembe ya ndovu? Langu lilikuwa na pembe ya ndovu, na hapo ndipo liliponasa.

Njia ya nyumbani mnaijua. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakivuki mpaka bila kibali. Anzieni makumbusho pale Amu.

Kibali hicho nilikuwa nacho. Ajenti wa mizigo akanihakikishia kuwa kimetosha, maana ni mali ya urithi. Hakikutosha! Kibali cha makumbusho kinahusu ukale wa kitu. Pembe ina sheria zake, za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofunga biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kwa uamuzi wa 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe Nairobi. Hata kipande kidogo cha mpini kinahesabiwa. Unahitaji karatasi za CITES za upande wa Kenya, ambazo utaziulizia KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), pamoja na kibali cha Uingereza cha kuingiza, na vyote viwe mkononi kabla mzigo haujaondoka. Narudia: kabla. Mzigo ukishafika forodha, kuomba kibali hakukuokoi. Pembe ya kifaru ndiyo balaa zaidi.

Sasa ami na mashangazi zetu, kwa heshima zote. Mapenzi yenu tunayaona, lakini msimpe msafiri jambia alifiche katikati ya halua na madera, eti "ni kitu cha nyumbani tu". Mnampeleka mtoto wa watu polisi. Na mjue kwamba chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, hata kuiweka pembe sandukuni bila kibali ni kosa, hapohapo Amu. Kwamba babu alikuwa nayo tangu zama za Sultani hakubadilishi kitu.

Kitara nacho kina lake. Uingereza imepiga marufuku kuingiza panga zenye ubapa uliopinda wa sentimita 50 au zaidi, isipokuwa uthibitishe kuwa umri wake umepita miaka 100, au kwamba ulitengenezwa kabla ya 1954 au kwa mkono kwa njia za jadi. Gobori liacheni mpaka mzungumze na wanaohusika na silaha pande zote mbili. Na anayewaza kuuza mpini wa pembe akifika huku ajue kuwa Sheria ya Pembe ya Uingereza, iliyoanza kutumika Juni 2022, imefunga karibu kila mlango.

Neno "thibitisha" ndilo linalowachosha watu wetu. Amu, wazee watatu wakisema jambia hili lilivaliwa na fulani, maneno yamekwisha. Waingereza hawana nafasi ya ushahidi wa namna hiyo. Wanataka tathmini ya mtaalamu, picha ya zamani, hati ya mirathi. Nakiri utaratibu wao unamlinda mnyonge dhidi ya mwenye kujuana na wakubwa, na afisa aliyenihudumia alikuwa na adabu. Lakini inaniuma. Wanamaji wa nchi hii waliuchoma mji wetu jirani wa Witu mwaka 1890, na hakuna aliyewadai karatasi. Leo mjukuu ndiye anayedaiwa karatasi ya kitu cha babu yake mwenyewe. Naona ni dhuluma, na nitaendelea kusema hivyo.

Kama kitu kimeshakamatwa na forodha ya Uingereza, mtaletewa notisi. Msiiache mezani mkingoja jamaa atakayejua mtu. Mna mwezi mmoja wa kupinga ukamataji kwa maandishi. Ukipita bila barua yenu, kitu kimeshakuwa cha serikali, na aghalabu pembe hairudishwi.