Baada ya Riwaya ya Kwanza: Namna ya Kumtafuta Mchapishaji Ukiwa Lubumbashi

Kabla ya hatua yoyote, mwandishi wa Lubumbashi anapaswa kutofautisha maneno mawili ambayo mjini kwetu huchanganywa kila siku, yaani mchapaji na mchapishaji. Mchapaji ni mwenye mashine: unampelekea flashi, unamlipa, anakukabidhi vitabu, na kazi yake imekwisha. Mchapishaji ndiye anayeusoma mswada na, akiukubali, hugharimia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, kisha humlipa mwandishi mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Anayekudai fedha ili kitabu chako kitoke ni mchapaji, hata kama kadi yake ina cheo kingine. Mimi niliujua mpaka huo kwa hasara. Riwaya yangu ya kwanza niliikimbiza kwenye imprimeri (nyumba ya uchapaji) moja ya mjini wiki mbili tu baada ya kuandika neno la mwisho, nikalipia nakala 200. Zilipotoka, pambizo la ndani lilikuwa jembamba kiasi kwamba msomaji alilazimika kukivunja kitabu mgongo ili ayaone maneno yaliyoangukia humo, na mhusika mkuu aliitwa Kalenga hadi katikati ya kitabu, kisha Kalonga mpaka mwisho. Kosa la pambizo lilikuwa la mashine. La jina lilikuwa langu.

Kwa hiyo mswada ukikamilika, uweke kando walau mwezi mmoja, kisha umsomee mtu kwa sauti. Mswada wangu wa pili nilimsomea mama mkubwa jioni baada ya jioni, yeye akichambua maharage, na sikuhitaji kumwomba maoni: mikono yake ilipoanza kuharakisha nilijua sura imelegea, na iliposimama juu ya ungo nilijua hapo pasiguswe.

Suala linalotusumbua zaidi sisi wa Katanga ni lugha. Wachapishaji wengi wa riwaya za Kiswahili wako Dar es Salaam na Nairobi, na wahariri wao husoma kwa jicho la Kiswahili sanifu. Mswada unaosema “bale batoto beko banaenda ku soko” kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho utarudishwa, si kwa sababu Kiswahili hicho hakina hadhi, maana mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa majumbani mjini humu waliandika kwacho historia ya mji wao, bali kwa sababu mhariri hawezi kujua wapi umekusudia na wapi umeteleza. Ushauri wangu ni kwamba msimulizi atumie Kiswahili sanifu, na wahusika waachwe waseme kama watu wanavyosema Katuba na Kenya (zote ni komini, yaani wilaya, za mji wetu; nina maana komini ya Kenya, si nchi), huku muktadha ukibeba maana bila tanbihi. Jihadhari hasa na maneno yaliyopo pande zote mbili yenye maana tofauti. Mama akimwambia mwanawe “tosha sahani”, msomaji wa Tanga atadhani sahani zimetosha, ilhali mtoto ameagizwa aiondoe mezani. Basi mtoto ainuke na kuibeba sahani katika sentensi inayofuata, na msomaji ataelewa bila kufundishwa.

Ukiwa tayari, chagua nyumba chache za uchapishaji badala ya kutuma kila mahali. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa mwaka 1991, na E&D Vision; Nairobi kuna East African Educational Publishers na Longhorn. Nyumba za Kenya hutegemea sana vitabu vya shule, hivyo riwaya yenye matukio ambayo mwalimu asingeyasoma darasani itapata ugumu huko, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko kulikasirikia baadaye. Soma masharti ya kila nyumba, kisha andaa barua ya ukurasa mmoja, muhtasari usiozidi kurasa mbili, na sura tatu za mwanzo, isipokuwa wametaka vinginevyo. Muhtasari lazima useme hadithi inaishaje. Wengi huficha mwisho wakidhani wanamtamanisha mhariri, kumbe wanamnyima kile anachotaka kukipima. Jibu linaweza kuchukua miezi kadhaa. Kumkumbusha mhariri kwa adabu si kosa, kumpigia kila wiki ni kosa.

Njia nyingine ni mashindano. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Fuata tangazo la mwaka husika kwa masharti na tarehe.

Mkataba ukija, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa unaolinda haki za waandishi, na nchini kuna sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986, hivyo kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata bila muhuri wa ofisi yoyote. Mkataba wako na mchapishaji unaeleza tu ni haki zipi unazitoa, kwa muda gani na katika nchi zipi. Mrabaha wa karibu asilimia 10 ni wa kawaida, lakini uliza kama unahesabiwa juu ya bei ya dukani au juu ya kiasi kinachobaki baada ya punguzo la wauzaji, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa. Haki za tafsiri na filamu usizitoe bila malipo yake kutajwa.

Kifungu ambacho mwandishi wa kwetu hapaswi kukisahau ni cha soko la Kongo. Omba iandikwe ama kwamba unabaki na haki ya kuchapisha toleo la hapa, ama kwamba utauziwa nakala kwa bei ya punguzo, ukijua kwamba gharama za lori na ushuru wa mpakani Kasumbalesa zitaongezeka juu yake. Usipolipigania hilo mapema, riwaya inayosimulia Kamalondo, komini nyingine ya mji wetu, itauzwa Dar es Salaam, na majirani zako wa Kamalondo wataisoma kwa fotokopi.