Kuhamisha diko la samaki kutoka buku la hesabu hadi mizani ya kidijitali na M-Pesa

Kununua mizani na kufungua akaunti ya malipo ni kazi ya siku chache. Kuwafikisha watu mahali pa kuvitumia bila kusukumwa ndiyo kazi ya msimamizi wa mabadiliko, na kwa diko, yaani mahali vyombo vinaposhusha samaki, la Kizingitini au Faza huko Lamu, itengee miezi mitatu hadi minne.

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, chukua karatasi uichore safu nne: nani, anapoteza nini, anapata nini, na nani atakayemweleza. Wengi huijaza safu ya faida peke yake, kisha hushangaa watu wakigoma. Karani anapoteza heshima ya kuwa ndiye mwenye buku. Mfanye msimamizi wa mizani tangu siku ya kwanza. Nahodha amezoea kugawa mgao kwa mkono wake. Hela zikimpita zikaenda moja kwa moja kwa mabaharia, umemvua cheo mbele ya watu wake, kwa hiyo mgao uingizwe kama anavyoutaja yeye.

Wa kuangaliwa zaidi ni tajiri. Ametoa nyavu, mashine na petroli kwa mkopo, naye hukata deni lake samaki wanapouzwa. Mfumo usio na sehemu ya makato unamnyima njia ya kulipwa, naye ataviagiza vyombo vyake vikashushe samaki kwingine. Mfuate barazani kwake baada ya alasiri, peke yenu, kabla kamati ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) haijapitisha lolote. Mkubaliane deni litakatwaje na nani ataliona, kwa sababu deni la mtu likisomwa mbele ya diko zima, hatarudi.

Mtu akikataa, tafuta amekwama wapi. Kielelezo cha ADKAR, alichotunga Jeff Hiatt wa Prosci, kinataja hatua tano: ufahamu, hamu, maarifa, uwezo na uimarishaji. Faida yake iko katika kupima. Baharia anayejua kutumia simu lakini hataki malipo ya simu hana haja ya mafunzo. Amekwama kwenye hamu, na semina ya pili itamuudhi tu.

Kalenda ifuate bahari. Katikati ya msimu wa pepo za kaskazi, samaki wakiwa wengi na barafu inayeyuka, hakuna atakayesimama kujifunza. Fundisha wakati wa pepo za kusi, uanze rasmi kusi inapolegea, ili mikono iwe imezoea kabla samaki hawajaongezeka. Epuka Ramadhani, siku za Maulidi na Ijumaa adhuhuri.

Endesha buku na mizani sambamba kwa wiki nne, na tarehe ya mwisho itangazwe mkutanoni na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Ukirefusha, karani atachoka kuandika mara mbili na ataliacha jipya. Kila jioni linganisha kilo. Tofauti zikijirudia, mara nyingi uzito wa tenga haukuondolewa, barafu imepimwa pamoja na samaki, au mizani imewekwa mchangani ikainama. Iweke juu ya ubao ulionyooka, ijaribu kila asubuhi kwa jiwe la kilo 10, na uhakikishe ina muhuri wa Idara ya Vipimo na Mizani. Jioni ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Malipo yana mitego yake. Kuna anayetumia laini ya mkewe au ya ndugu, na kuna asiye na kitambulisho. Waulize faraghani, orodha ikamilike wiki tatu kabla. Wazee wasio na simu walipwe taslimu bila kubishana nao. Mkufunzi asiguse nambari ya siri ya mtu yeyote, hata akiombwa. Ada ya kutoa fedha italipwa na nani? Liamuliwe mapema, maana shilingi chache zinazokatwa bila maelezo huonekana ni wizi. Zungumza na mawakala wasiopungua wawili, maana siku ya samaki wengi mmoja huishiwa na taslimu kabla ya magharibi.

Kila wiki hesabu mambo matatu: vyombo vilivyopima, malipo yaliyopita kwenye simu, na malalamiko yaliyochukua zaidi ya siku mbili. Upimaji ukiwa juu na malipo chini, kagua laini na mawakala. Vyote viwili vikishuka kwa vyombo vilevile, rudi kwa tajiri wao.

Usiondoke mpaka kila kazi iwe na watu wawili wanaoiweza, na kuwe na kitabu cha risiti zenye nambari za mfululizo kwa siku mtandao unapokatika. Risiti hizo ziingizwe siku ileile mtandao unaporudi, karani na nahodha wote wawili wakitia sahihi.