Unene wa Ng'ombe wa Maziwa Kabla ya Kuzaa

Wafugaji wengi wa Friesian na Ayrshire katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania hufurahi wakimwona ng'ombe mwenye mimba kubwa amenenepa hadi shina la mkia limezama kwenye mafuta. Furaha hiyo huweza kuisha wiki ya pili au ya tatu baada ya kuzaa, ng'ombe anapoacha pumba kwenye hori na kuchaguachagua majani, maziwa yakashuka, na pumzi yake ikanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Mnyama anayecheua hapati glukosi (sukari inayoupa mwili nguvu) ya kutosha moja kwa moja kutoka kwenye chakula. Ini ndilo huitengeneza, hasa kutokana na asidi ya propioni inayozalishwa na vijidudu vya tumbo la kwanza. Baada ya kuzaa maziwa huongezeka haraka kuliko hamu ya kula, hivyo mwili huyeyusha akiba yake ya mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Ini la ng'ombe si jepesi kuyatoa tena: mengine hurundikana humo humo, na mengine, yasipounguzwa yakaisha, hugeuka ketoni, ambazo ndizo chanzo cha ile harufu. Ng'ombe aliyenona sana ndiye hula kidogo zaidi siku hizo, na ndiye mwenye mafuta mengi ya kuyeyusha.

Unene upimwe kwa mkono, kwani manyoya na tumbo kubwa hudanganya macho. Katika kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona sana), ng'ombe azae akiwa kati ya 3 na 3.5, yaani ukibonyeza kidogo juu ya ubavu, nyuma ya mbavu ya mwisho, unazigusa ncha za mifupa. Ukilazimika kubonyeza kwa nguvu, amezidi. Kasoro hiyo irekebishwe angali akikamuliwa, kwa kumpunguzia pumba. Akishakaushwa, yaani akiachwa kukamuliwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa, asikondeshwe kamwe, maana kumnyima chakula ndiko kuyaamsha mafuta yale yale tunayoyaogopa.

Wiki 3 za mwisho azoeshwe pumba kidogo kidogo, na akizaa asikose majani mazuri usiku na mchana. Dalili zikijitokeza, daktari wa mifugo huweza kuelekeza anyweshwe propilini glaikoli, kimiminika ambacho ini hukigeuza glukosi, kwa kawaida mililita 300 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Anyweshwe taratibu, kichwa kisiinuliwe sana, dawa isije ikaingia mapafuni.