Kutoka daftari mpaka kitabu: namna ya kuiandaa riwaya yako ukiwa Unguja au Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu kaja na boti kutoka Pemba, mkobani kabeba madaftari manne na flashi moja, hata maji hajanywa kashaniambia, ami, riwaya nshaimaliza, sasa nampelekea nani? Tumekaa barazani siku tatu, na alichoniuliza ndo kilekile watu wanachoniuliza kwenye simu kila siku, kwa hivo nakiandika hapa mara moja. Mie nina riwaya mbili, moja imetoka kwa mchapishaji na moja nimejichapia mwenyewe, na haya yote nimeyapitia.

Hatua ya 1: Maliza kwanza

Usimpelekee mtu sura tatu ukamwambia zilobaki zinakuja. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku 100 unayo maneno 50,000, na hiyo ni riwaya kamili, kwenye kitabu cha ukubwa wa A5 inakupa kama kurasa 170 mpaka 200. Daftari, simu, popote andika.

Hatua ya 2: Iingize kwenye kompyuta

Hapa nina msimamo. Mswada hauandikwi WhatsApp ukajitumia vipande vipande, maana siku ya kuvikusanya utavikosa viwili na hutojua ni vipi. Mie natumia LibreOffice, ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili ya kukagulia tahajia. Ukitumia Word sawa, ila ibadilishe lugha ya waraka iwe Kiswahili, na kile kitu cha kusahihisha maneno chenyewe kizime kabisa, cha kwenye simu pia, kwa sababu kinajaribu kuyageuza maneno yetu yawe Kiingereza na wewe huoni mpaka umeshatuma.

Kila siku ukimaliza hifadhi nakala mpya yenye tarehe kwenye jina lake, halafu jitumie kwa barua pepe. Kila siku, si kila ukikumbuka. Sababu inakuja.

Hatua ya 3: Kubadilisha jina la mhusika (soma pole pole)

Hapa ndo pamenila masiku tisa ya maisha yangu, na huyu mtoto wa kaka yangu alikuwa keshaweka kidole kwenye kitufe kufanya vilevile, nikamshika mkono.

Riwaya yangu ya kwanza mhusika mkuu alikuwa anaitwa Ali. Mwisho nikaona Ali hakai, nikataka awe Haji. Nikafungua ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha, juu nikaandika Ali, chini Haji, nikabonyeza badilisha zote. Ikaniambia imebadilisha maelfu. Nilipaswa kusita hapo hapo, maana mtu mmoja hatajwi jina mara elfu kadhaa katika kurasa 240, lakini ilikuwa usiku, nimechoka, nikahifadhi juu ya faili lilelile nikafunga.

Asubuhi nafungua nakuta "Hajikwenda", "Hajisema", "Hajikaa kimya". Kila kitenzi kilichoanza na ali- kimekuwa haji. Si vitenzi tu. Asali imekuwa "asHaji", serikali "serikHaji", dalili "dHajili", na pale bibi anapomwambia mjukuu wake nitakusaidia kwa hali na mali pamesomeka "kwa hHaji na mHaji". Herufi tatu hizo zimo kila pahala katika lugha yetu, mbali, kali, swali, mahali, na wakati uliopita wote wa nafsi ya tatu, na riwaya ni wakati uliopita wa nafsi ya tatu mwanzo mpaka mwisho.

Kosa la pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Nikasema nirudishe nyuma, Haji iwe ali. Sasa kila "hajibu" imekuwa "alibu", "hajisikii" imekuwa "alisikii", maana haji nayo imo ndani ya maneno yetu, na hizo ni sentensi zilizokuwa nzima kabla sijazigusa. Nakala safi niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Nikakaa nayo ukurasa kwa ukurasa, masiku tisa.

Kwa hivo fanya hivi:

Kwanza hifadhi nakala mpya yenye jina jengine, ndo uguse kitu.

Pili, kwenye hicho kisanduku cha kutafuta na kubadilisha tafuta pahala pa kuchagua neno zima peke yake, weka alama. Pana chaguo jengine la kufuata herufi kubwa na ndogo, hilo peke yake halitoshi, maana "Alikuja" mwanzo wa sentensi nayo ina A kubwa. La neno zima ndo linalokuokoa, la herufi kubwa liongeze juu yake.

Tatu, usibonyeze badilisha zote. Bonyeza moja moja, angalau hamsini za mwanzo, uone inakamata nini.

Nne, angalia majina yetu yenyewe. Ali ni hatari, na Ame ni hatari vilevile maana kila amekuja na amelala imo, Kombo imo kwenye ukombozi, Juma imo kwenye Jumamosi, Ana imo kwenye sana na bwana na kijana. Makame yuko salama zaidi.

Na tano, ambayo nimeigundua baadaye na sasa ndo natumia: kama hujaamua jina, usiweke jina. Andika QA, QB, QC. Alfabeti yetu haina Q, kwa hivo siku ukiamua unabadilisha zote kwa mpigo na hakuna neno litakaloumia. Kijana kashabadilisha watu wake wote sita kwa njia hii, dakika mbili.

Ila kama unambadilisha mhusika kutoka mwanamme kuwa mwanamke, kompyuta haikusaidii. Tuna bahati "yeye" yetu ni moja, lakini kaoa na kaolewa, mume na mke, kanzu na kanga, ami na shangazi, hayo soma kwa macho yako mwenyewe.

Hatua ya 4: Lugha yetu mbele ya mhariri

Wachapishaji wengi wako Dar na Nairobi, na mhariri wa kule si lazima awe ameishi kwetu. Mie nilirudishiwa mswada, bibi wa Micheweni, Pemba, asiyewahi kuvuka bahari anasema "shule" na "kwingine", wakati nilimwandika anasema "skuli" na "kwengine". Iliniuma, kwa sababu yule bibi ni mtu, na mtu ni ulimi wake. Kiswahili sanifu chenyewe msingi wake ni Kiunguja, tangu miaka ya 1920 na 1930 kilipochaguliwa, kwa hivo hatuombi msamaha kwa namna tunavosema.

Lakini usigombane kwa barua ndefu. Tengeneza karatasi moja uiambatanishe na mswada, andika: masimulizi nimeandika kwa sanifu, mazungumzo ya wahusika ni kwa lahaja kwa makusudi, na maneno haya yasibadilishwe, halafu yaorodheshe na maana zake. Mhariri mzuri atakushukuru. Na wewe uwe mkweli, usichanganye, masimulizi ukurasa wa 10 "mwingine" na ukurasa wa 11 "mwengine", hapo atakuwa na haki ya kusahihisha.

Hatua ya 5: Msomaji

Mpe mtu mmoja asokuogopa. Si mkeo, si mumeo. Mwambie aweke alama pale alipochoka tu, basi.

Hatua ya 6: Wapi pa kupeleka

Kabla mswada haujatoka mkononi mwako, usajili. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, lakini usajili ni ushahidi, na kwetu ni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, chini ya sheria ya mwaka 2003. COSOTA ni ya Bara, usichanganye.

Halafu mie nasema anza na tuzo. Watu wanaona ni bahati nasibu, hapana. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi la 1957 hadi 1958 la East African Literature Bureau, na mswada ule ukatoka kitabu 1960, ndo akaja Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake tunayemjua wote. Sasa ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa mwanzo walitangazwa 2023. Ipo na ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi inaitwa Safal-Cornell, na ilipotolewa mara ya kwanza 2015 upande wa ushairi alichukua Mohammed Khelef Ghassany, mtu wa Pemba. Soma masharti ya mwaka huo, si ya mwaka jana, idadi ya maneno na ukubwa wa herufi, maana mswada mzuri unatupwa kwa jambo dogo kama hilo.

Kwa mchapishaji, nenda duka la vitabu, tazama nyuma ya riwaya za Kiswahili nani kachapa, waandikie hao. Peleka muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema mpaka mwisho, nani kafa na nani kaoana. Usimfiche mchapishaji mwisho wa kisa, yeye ananunua bidhaa, hasomi kwa raha. Ngoja miezi sita kabla hujauliza mara ya pili.

Hatua ya 7: Mkataba

Mambo matatu tu yaangalie kwa kalamu mkononi.

Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila kitabu kinachouzwa, unahesabiwa juu ya nini? Tuseme kitabu ni shilingi 15,000 na wewe una asilimia 10. Ikiwa ni juu ya bei ya dukani unapata 1,500. Ikiwa ni juu ya kinachomfikia mchapishaji, na duka limechukua asilimia 40, kinachobaki ni 9,000 na wewe una 900. Asilimia ileile, pesa si ileile.

Haki za filamu, tafsiri na kusomwa kwa sauti ziandikwe mbali mbali, na usizitoe kwa sababu tu hujaziwazia. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1999, filamu yake aliyoiongoza Amil Shivji ikatoka 2021. Miaka 22. Kipengele ulichokitia saini leo ndo kitakachosema siku hiyo nani anakaa mezani.

La tatu, kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena kwa muda fulani, haki zirudi kwako. Kama hakipo kipengele hicho, omba kiwekwe. Mie sikuomba, na riwaya yangu ya kwanza siwezi kuichapa wala haipatikani.

Hatua ya 8: Ukiamua kujichapia

Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu chako, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, tarakimu 13 zinazoanza na 978. Mpe mtu wa usanifu akutengenezee jalada, mlipe, usichukue picha ya mtandaoni.

Mashine kubwa za uchapaji zinakunja karatasi kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16. Cha kijana kilikuwa kurasa 210, mafungu 13 ni 208, mafungu 14 ni 224, maana yake angelipia kurasa 14 tupu. Tukakata kurasa mbili za sura ya saba, na sura yenyewe ikapata pumzi.

Lipa nusu, na kabla ya nusu ya pili dai nakala moja iliyokwishafungwa. Itoe nje juani, ifungue katikati mpaka mgongo ulale bapa, ivute kurasa kwa vidole viwili. Unyevu wetu wa masika hauisamehi gundi mbaya. Ukurasa ukikubaki mkononi, irudishe nakala hiyo na nusu ya pili ibaki mfukoni mwako mpaka wakufungie nyengine.