Chakula cha mbwa cha nyumbani: kibichi au kilichopikwa?

Waangalie kwanza watu wa nyumbani. Penye mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa mwenye kinga dhaifu, pika. Mbwa anaweza kula nyama yenye bakteria wa salmonela asiugue, huku akiitoa kwenye kinyesi na mate. Friza haiwaui bakteria hao, inawalaza tu mpaka barafu iyeyuke. Maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi usimpe kabisa: vifuko vya maji vinavyoweza kuwamo huwa na mabuu ya minyoo aina ya tegu, ambao mayai yao hutoka na kinyesi cha mbwa na kumwambukiza binadamu.

Sisi tunapendelea kupika. Tumia maji kidogo na moto mdogo, na mchuzi uchanganye na chakula, maana ukiumwaga unamwaga vitamini B. Kuku afike 74°C katikati. Kitunguu, hata kitunguu saumu, kisiingie sufuriani. Huharibu chembe nyekundu za damu.

Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo, kwa hiyo utoe wote. Lakini ukiutoa, umetoa na kalsiamu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, hivyo mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa ya mbwa mwenyewe. Osha maganda ya mayai, yaoke dakika 10, yasage yawe laini kama unga wa ngano. Ukihisi chenga vidoleni, rudia. Weka nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Maini yasizidi asilimia 5 ya chakula chote. Zinki, iodini na vitamini D na E bado hazitoshi, kwa hiyo ongeza virutubisho vya mbwa. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, usimkisie vipimo. Daktari wa mifugo ampangie.

Ukichagua kibichi, kiwe na kibao na kisu chake. Yeyusha ndani ya friji, ondoa mabaki baada ya dakika 30, osha bakuli kila mlo. Nguruwe mbichi hapana.

Mbwa mzima wa kilo 10 huanzia gramu 200 hadi 300 kwa siku. Badilisha taratibu kwa siku 7 hadi 10. Akiharisha, rudi kwenye kipimo cha jana yake.