Pweza wa nazi: alainike kwanza, tui baadaye

Hapa Mombasa wengi tunampenda pweza, lakini kumpika nyumbani tunaogopa. Tunakunywa supu yake jioni kando ya barabara, tunapewa na vipande viwili vitatu vya kutafuna, basi. Ukiuliza kwa nini mtu hampiki mwenyewe, utaambiwa huwa mgumu. Mara nyingi ugumu huo umetokana na haraka ya mpishi, ama tui limeingia kabla ya wakati wake. Nililijua hilo mwezi wa Ramadhani, wageni wako barazani na magharibi inakaribia. Nilimwonja pweza nikaona bado anavutana na meno, nikammiminia tui nikitumai litamlainisha. Tui likakatika, pweza akabaki vilevile, na shemeji yangu akatafuna kimyakimya kwa adabu. Tangu siku hiyo pweza wangu hulainika kabisa kwenye sufuria yake peke yake, ndipo akutane na nazi.

Kwa watu wanne nunua pweza wa kilo moja na nusu. Akiiva atabaki kama nusu ya alivyokuwa, usishtuke. Uwe pia na nazi kavu 2, vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva, punje 6 za thomu (kitunguu saumu), tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi 2, kijiko kidogo cha manjano, nusu kijiko cha bizari nyembamba ya kusaga, ndimu 2, dania, na vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Chumvi ya kutia mchuzini iweke mbali kabisa, tutaifikia mwisho.

Hatua ya 1: Kununua

Angalia mwezi kwanza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa kuna bamvua: maji hupwa sana, miamba hubaki wazi, na wanaochokoa pweza huweza kumfuata kwa miguu hadi shimoni mwake. Siku hizo ndizo za kumtafuta, hasa wa upande wa kusini, Gazi, Msambweni na Shimoni. Maji mafu, yale yasiyopwa sana, yakija pweza hupungua, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu usishangae kumkosa kabisa.

Pweza mzuri ananukia bahari. Akinuka kama mkojo, mwache hapo hapo. Ngozi iwe na rangi, kahawia au zambarau yenye madoa, na minyiri, yaani mikono yake, iwe imekaza. Jihadhari na aliyevimba, mweupe, anayechuruzika maji: huyo amelowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ili aongezeke uzito kwenye mizani. Niliwahi kuuziwa wa namna hiyo. Sufuria ilijaa maji, na nyama iliyobaki ilitosha mtu mmoja.

Mdogo wa chini ya nusu kilo simnunui hata akiuzwa kwa bei ya chini. Pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake kisha hufa, kwa hiyo ukimchukua mdogo umechukua na kizazi chake chote.

Hatua ya 2: Kumsafisha

Pindua kichwa nje ndani kama soksi, ng'oa matumbo pamoja na kifuko cha wino. Kikipasuka, suuza tu, hakina madhara. Kata macho. Mgeuze, bonyeza katikati ya minyiri, mdomo wake mgumu kama wa kasuku utachomoza, ukate. Halafu msugue kwa chumvi ya mawe kiganja kizima, ukipitisha vidole kwenye vile vikombe vyake ambako mchanga hujificha, na umsuuze mara tatu au nne mpaka ute uishe.

Ili alainike, wavuvi humpiga mwambani mpaka atoe povu. Nyumbani unaweza kumtwanga kwa mchi juu ya ubao dakika kumi. Mimi siku hizi namgandisha kwenye friza usiku mmoja, kisha namwacha ayeyuke taratibu ndani ya friji. Barafu huzipasua nyuzi za nyama kutoka ndani, kazi ileile ya mwamba, na majirani hawaamki.

Hatua ya 3: Kumchemsha bila maji

Hapa ndipo pa kutulia. Mtie mzima kwenye sufuria nzito pamoja na nusu ya thomu na nusu ya tangawizi vilivyopondwa. Usitie maji, usitie chumvi. Funika, moto wa wastani. Baada ya dakika kumi hivi ukifunua utakuta anaogelea kwenye maji yake mwenyewe, mekundu ya kuiva kama zambarau. Maji hayo tayari yana chumvi ya bahari, na yanavyozidi kupungua ndivyo chumvi inavyokolea. Anayetia chumvi mwanzoni hana pa kurudi.

Punguza moto, mwache achemke polepole dakika 45 hadi saa nzima. Nyama ya pweza imejaa nyuzi ngumu ambazo huyeyuka kwa moto mdogo wa muda mrefu. Moto mkali humkaza tu. Maji yakikauka kabla hajaiva, ongeza nusu kikombe cha maji ya moto. Wengine humtia papai bichi. Silipendi, kwa sababu hulegeza nje huku ndani kukiwa bado.

Mchome kwa uma pale mnyiri unapoungana na kichwa, ndipo panene zaidi. Uma uingie kama kwenye muhogo ulioiva. Ukikwama, funika tena, na kama wageni wameshafika wape tende na kahawa. Akiiva mwache apoe ndani ya maji yake, kisha mkate vipande vya unene wa kidole. Maji usimwage hata tone.

Hatua ya 4: Tui

Wakati pweza anachemka, zikune nazi zote mbili. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua kwa kifumbu: hiyo ndiyo kasimile, iweke kando. Rudia na vikombe viwili upate tui jepesi. Kama mbuzi ya kukunia nazi huna, blenda inafaa, ila chuja mara mbili. La pakiti hufaa siku ya dharura, ingawa ladha yake naiona imelala.

Hatua ya 5: Kuunga

Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu. Tia thomu na tangawizi vilivyobaki, manjano na bizari, geuza nusu dakika, kisha nyanya. Zipike mpaka zirojeke na mafuta yaelee juu, maana nyanya mbichi huleta uchachu unaokata tui. Mimina tui jepesi, kikombe kimoja cha yale maji ya pweza, vipande vyake na pilipili nzima. Acha dakika kumi bila kufunika.

Sasa kasimile. Moto uwe mdogo, na usiondoke jikoni. Chota mchuzi kwa upawa na kuumimina tena, chota na kumimina, mpaka uchemke mara ya kwanza. Ukiliacha tui lichemke lenyewe kwa nguvu litakatika, utaona mafuta huku na mabonge kule. Dakika tano hadi saba zatosha, mchuzi utashika mgongo wa upawa. Epua, onja, ndipo utie chumvi ikihitajika. Mara nyingi mimi sitii. Ndimu ikamulie nje ya moto, halafu dania.

Mimi humla kwa wali mweupe, kwani wali wa nazi juu ya mchuzi wa nazi hukinaisha. Kwa sima ni mtamu pia, na kwa mkate wa mofa zaidi. Kando weka mchicha uliokaangwa kwa kitunguu tu, au kachumbari.

Yale maji ya pweza yaliyosalia yachemshe upya asubuhi na maji kidogo, pilipili manga na ndimu, uyanywe kwa kikombe. Ndiyo supu ileile ya barabarani, na hii unajua imetoka sufuria gani.