Usiulize asilimia tu, omba jedwali la marejesho
Nimelijua hili juzi Wete, tulipokaa na shangazi kulinganisha mikopo miwili ya kununulia friza la samaki. Yote miwili iliandikwa riba asilimia 2 kwa mwezi. Kabla ya kutia saini, omba jedwali la marejesho ya miezi yote, kisha jumlisha mwenyewe shilingi utakazorudisha. Chukua milioni 1.2 kwa miezi 12. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, unatoa 24,000 kila mwezi, jumla 288,000, hata pale deni limebaki laki moja tu. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, na wewe unapunguza laki moja kila mwezi, inaanza 24,000 na kuishia 2,000, jumla 156,000. Tofauti 132,000, na asilimia ni ile ile! Ongeza ada ya fomu na bima, maana mara nyingi hukatwa juu kwa juu kabla hujapewa fedha. Kwa murabaha, yaani benki inanunua kitu kisha inakuuzia kwa bei yenye faida yake, hesabu hii haifai, kwa sababu faida hupangwa tangu mwanzo. Hapo linganisha bei utakayomaliza kulipa na bei ya taslimu dukani. Na jedwali halijui msimu wako: rejesho la 124,000 (laki moja ya deni na riba 24,000) linalipika kaskazi samaki wakijaa, lakini kusi bahari ikichafuka linaumiza. Pima rejesho kwa mwezi wako mbovu kabisa. Likizidi kinachobaki baada ya chakula na mahitaji ya watoto, punguza mkopo. Kurefusha muda kunashusha rejesho, ila riba yote kwa jumla inapanda.